Gita Umejijengea Inalia Vibaya Huko Juu? Usiitupe, Cheki Hizi Vitu Kwanza

Umemaliza kazi. Kipande cha mahogani ulitoa kwa fundi wa fanicha, pikapu ulipata mtumba, rangi imeshika fiti. Unaweka nyuzi, unatyuni moja moja mpaka tyuna ya simu inawaka kijani. Unapiga kordi ya E hapo chini, inatoka tamu. Halafu unapanda freti ya 12 uchape solo ya benga, na mbogi yote inageuka kukuangalia. Gita ni ile ile, lakini sasa inalia kaa matatu ikishika breki.

Skia msee, masikio yako hayana shida na hujarogwa. Hiyo ni intonesheni, na wasee wengi hukutana nayo kwa gita ya kwanza. Mara nyingi dawa ni bisibisi na jioni moja ya kutulia kejani. Lakini kuna kosa moja bisibisi haiwezi kuguza, na ni poa ulijue kabla hujakata kitu.

Intonesheni ni nini hasa?

Kutyuni ni kuweka uzi wazi kwa sauti yake. Intonesheni ni uzi huo kubaki kwa laini hata ukiubana kwa freti yoyote. Nyatiti, ambayo gita za benga ziliiga uchapaji wake, haina freti. Kila uzi kati ya zile 8 unatyuniwa kivyake, kwa hivyo hii ngori haiijui. Gita iko na freti, na freti ni hesabu.

Freti ya 12 hukaa nusu ya urefu wa hesabu, kwa hivyo inafaa kutoa noti ile ile, oktava moja juu. Shida ni kwamba ukibana uzi unauvuta kidogo, na uzi ukivutwa sauti inapanda. Ndio maana uzi huachwa mrefu kidogo kuliko hesabu. Huo urefu wa ziada unatoka kwa viti vya briji, vile vipande vidogo nyuzi hukalia. Uzi mnene unahitaji ziada kubwa kuliko mwembamba.

Anza na rula, bisibisi baadaye

Pima kutoka nati, kile kipande chenye mifereji juu ya shingo, mpaka katikati ya freti ya 12. Zidisha mara mbili. Huo ndio urefu wa hesabu wa gita yako. Gita nyingi za umeme hutumia milimita 648. Kaa ni hiyo, freti zako zinafaa kuwa hapa, ukipima kutoka nati:

- Freti ya 1: milimita 36.4
- Freti ya 3: milimita 103.1
- Freti ya 5: milimita 162.5
- Freti ya 7: milimita 215.5
- Freti ya 12: milimita 324

Kwa urefu mwingine, gawa kwa 17.817 upate umbali wa freti ya kwanza. Kinachobaki gawa tena kwa 17.817, endelea hivyo. Mafundi wa zamani walikuwa wanagawa kwa 18 juu ni rahisi kichwani. Ukifanya hivyo kwa gita ya 648, freti ya 12 inakosa mahali pake kwa zaidi ya milimita 2. Hapo utasumbuka na viti mpaka asubuhi na hakuna kitu kitabadilika.

Freti moja ikiwa imehama, itoe, jaza mfereji na kijiti cha mbao na gundi, kisha ukate upya. Zikiwa zimehama zote, tengeneza ubao mpya wa freti. Ni uchungu, lakini mwili, shingo na pikapu zako bado ziko sawa. Hujapoteza gita.

Rula ikikubali, fuata hii mpangilio

1. Weka nyuzi mpya. Uzi uliozeeka umechakaa na kushika uchafu bila usawa, na hauwezi kupimika. Zivute kidogo kwa mkono zizoee, kisha tyuni tena.

2. Angalia shingo na urefu wa nyuzi. Nyuzi zikiwa juu sana unazivuta mbali ukibana, na kila noti inapanda. Milimita 1.5 hadi 2 juu ya freti ya 12 ni mahali pazuri pa kuanzia.

3. Shusha pikapu. Hapana, si ile ya kubeba viazi. Sumaku zikiwa karibu sana zinavuta nyuzi nene, na noti moja inatoka kaa mbili zinazopigana.

4. Sasa pima. Shika gita venye unaichezanga, usiilaze mezani. Guza uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kuubana, uchape, upate ile sauti ya kengele. Tyuni mpaka iwe sawa kabisa. Kisha bana freti hiyo hiyo kwa nguvu zako za kawaida na usome tyuna.

5. Noti ya kubana ikiwa juu, uzi ni mfupi: rudisha kiti nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, uzi ni mrefu: leta kiti mbele. Legeza uzi kabla ya kusogeza, kisha tyuni upya na upime tena.

Tyuna husoma kwa senti, na hizi si za M-Pesa: nusu toni moja iko na senti 100. Kwa gita ya 648, kusogeza kiti milimita 1 hubadilisha karibu senti 3. Kwa hivyo tyuna ikisema uko juu kwa senti 8, rudisha kiti karibu milimita 3. Hakuna haja ya kubahatisha.

Briji yako ni kipande kimoja tu?

Ilaze kimshazari. Upande wa uzi mwembamba uwe milimita 1 hadi 2 nyuma ya urefu wa hesabu, upande wa uzi mnene milimita 4 hadi 5. Kama ulishatoboa na nafasi imeisha, ziba matundu na vijiti vya mbao ngumu na gundi, ngoja ikauke kabisa, kisha utoboe upya.

Freti ya 12 iko sawa lakini kordi za chini zinauma

Hapo mshukiwa ni nati. Bana uzi kwa freti ya 3 na uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya 1. Inafaa kuwa nyembamba kaa unywele. Ikiwa kubwa, chimba mfereji wa nati polepole na tupa nyembamba. Ukipitisha na uzi uanze kuguza freti, jaza mfereji na supaglu na bekingi soda kidogo, uanze tena. Au omba mfupa wa ng'ombe kwa bucha, uchonge nati mpya.

Mifereji ikiwa sawa na bado freti za kwanza ziko juu, rudi kwa rula. Kaa freti ya 1 iko mbali kuliko milimita 36.4, nati imekaa nyuma sana, isogeze mbele.

Usikate tamaa

Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar, alianza kujenga gita yake na babake 1963. Shingo ilitoka kwa mbao ya fremu ya meko kuukuu. Gita hiyo ndiyo amechapa nayo miaka yote.

Hata gita ya bei ghali haiwezi kufikia sufuri kwa kila freti, kwa hivyo usikonde juu ya senti 1 au 2. Ukifika hapo funga tyuna, panda juu kule ulikuwa unaogopa, na uchape ile solo.