Shirati, usharika wa Kimennonite

Shirati ni usharika mama wa Kanisa la Mennonite Tanzania (KMT), katika Wilaya ya Rorya, Mkoa wa Mara, jirani na Ziwa Viktoria na mpaka wa Kenya. Huku Mara Waadventista walikuwa wametangulia, pale Wamennonite walipofika. Elam Stauffer na Orie Miller walitumwa na Wamennonite wa Lancaster, Pennsylvania, kutafuta mahali pa kuanzia. Mwanzoni mwa 1934 kikapatikana kilima cha Katuru, hapo Shirati. Bukiroba, Mugango na Bumangi zilifuata kabla mwongo huo haujaisha.

Jina la Mennonite latokana na Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri 1536. Wafuasi wake hubatiza mtu mwenye umri wa kuamua mwenyewe na hukataa kubeba silaha. Lakini kinachokumbukwa na mgeni aliyeingia ibadani Shirati ni mabeseni. Baada ya Meza ya Bwana, wanaume upande wao na wanawake upande wao, mmoja huinama akamwosha mwenzake miguu, akamfuta kwa taulo, kisha wakabadilishana. Mbele ya beseni mzee hana pa kuficha nyufa za kisigino chake.

Misheni ilikuwa na shule na hospitali, ila mzungu aliishi kivyake na Mjaluo kivyake. Umbali huo ulitikiswa na uamsho wa 1942, tawi la moto uliowaka Gahini, Rwanda. Watu waliungama dhambi zao hadharani, wamisionari wakiwamo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, usharika ulizaliwa mwaka huo zaidi ya 1934.

Zedekia Kisare, Mjaluo wa huko huko na mmoja wa waongofu wa mwanzo, alikuwa miongoni mwa Waafrika wanne waliowekewa mikono kuwa wachungaji 1950. Kanisa lilianza kujitegemea 1960, naye akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika mnamo Januari 1967. KMT ilipogawanywa katika dayosisi mbili 1979, yeye alibaki na Mara Kaskazini, hivyo Shirati ikabaki mikononi mwa mtu aliyeijua tangu ikiwa kilima kitupu.