Maambukizi vamizi ya kuvu kwa wagonjwa wa saratani ya damu

Maambukizi vamizi ya kuvu (au fangasi vamizi) ni maradhi yanayotokea kuvu zinapopenya ndani ya viungo vya mwili kama mapafu, ini au ubongo, au zinapoingia katika damu. Ni tofauti kabisa na fangasi wa ngozi au wa vidole vya miguu. Jina moja lisimdanganye msomaji. Kati ya wagonjwa wa saratani za damu, walio katika hatari kubwa ni wenye lukemia kali ya mieloidi na waliopandikizwa uboho wa mtu mwingine.

Chanzo
Seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili ndizo hasa zinazoua kuvu. Saratani yenyewe huzipunguza, na kemotherapia huzipunguza zaidi. Zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu kwa siku 10 au zaidi, hatari huongezeka sana. Spora za Aspergillus zimo katika vumbi, mboji na hewa ya kila mahali. Mtu mwenye afya huzivuta kila siku bila kudhurika. Candida huishi tumboni, nayo huingia katika damu kupitia utumbo uliochubuliwa na dawa au kupitia mrija uliowekwa mshipani.

Utambuzi
Mara nyingi dalili pekee ni homa. Kwa hiyo homa ikiendelea siku 4 hadi 7 licha ya antibiotiki, madaktari hupiga picha ya CT ya mapafu na kupima galaktomanani, sukari itokayo katika ukuta wa Aspergillus. Pengine dawa huanzishwa kabla ya uthibitisho kamili, kwa sababu kuchelewa huua.

Tiba
Kwa miongo kadhaa tegemeo lilikuwa amfoterisini B, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo na kutumika tangu miaka ya 1950. Ina nguvu, lakini huumiza figo na kupunguza potasiamu. Ile iliyofungwa katika vifuko vidogo vya mafuta (liposomu) ina madhara machache, ila ni ghali. Mwaka 2002 utafiti juu ya aspergilosi vamizi ulionyesha kwamba baada ya wiki 12 asilimia 71 ya waliopewa vorikonazoli walikuwa hai, dhidi ya 58 ya waliopewa amfoterisini B ya kawaida. Tiba huendelea walau wiki 6 hadi 12.

Kuitambua kuvu husika ni muhimu. Flukonazoli, inayopatikana kwa urahisi, haiui Aspergillus. Vorikonazoli nayo haifai kwa mukomikosi, ambayo huhitaji amfoterisini B na mara nyingi upasuaji wa haraka. Kwa Candida katika damu huanza kaspofungini au dawa za jamii yake, na mrija wa mshipani huondolewa inapowezekana.

Jambo linalosahaulika ni mgongano wa dawa: vorikonazoli na posakonazoli huzuia ini kuvunja vinkristini, dawa ya lukemia kali ya limfoidi, hata mgonjwa akaharibika neva au utumbo ukaacha kufanya kazi.

Kinga na usugu
Wenye lukemia kali ya mieloidi hupewa posakonazoli wakati neutrofili zimeshuka. Hata hivyo Aspergillus sugu zimeenea, kwa kiasi fulani kwa sababu viuakuvu vya shambani ni ndugu wa dawa hizi. Mwaka 2014 watafiti waliripoti Aspergillus fumigatus sugu katika mazingira ya Tanzania.