Bunduki Ilirudi Ghalani, Mwili Je?

Ndugu msomaji, ukitaka kujua kama vita vilipita Tanga, usianze na kitabu. Panda baiskeli, shika njia ya Bombo, ipite ile hospitali ya mkoa iliyokaa juu ya jabali ikiitazama bahari, kanyaga mpaka Raskazone. Leo vijana tunakwenda kule kuogelea na kupiga picha, na wengine wana mambo yao wasiyotaka yaandikwe. Lakini mwezi Novemba 1914 watu walishuka kutoka melini upande huo kuja kuuana.

Shuleni kisa hiki tulikimaliza haraka sana. Waingereza walikuja, nyuki wakawauma, wakakimbia. Darasa zima likacheka, kengele ikalia, tukaenda kula mihogo. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza: na yule aliyevunjika mguu siku ile, aliishije baada ya hapo? Nani alimfundisha kutembea tena? Swali hilo limenijia ukubwani, tena kwa sababu ya goti la babu yangu. Nitalifikia. Kwanza tuanze na vita vyenyewe.

Siku ya nyuki

Meli za Waingereza zilifika Tanga tarehe 2 Novemba 1914. Zilibeba jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliosafirishwa kutoka Bombay. Upande wa pili alikuwapo Lettow-Vorbeck na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, ambao waliletwa haraka kwa treni kutoka upande wa Moshi. Tarehe 4 mapigano yakaingia mpaka mitaani. Nyuki wakavurugwa kwenye mizinga yao, wakauma huku na huku bila kuuliza bendera ya mtu. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakaacha nyuma silaha na watu. Upande wao peke yake walihesabiwa 360 waliokufa na 487 waliojeruhiwa.

Nyuki wanakumbukwa. Wale 487 je? Na wale askari Waafrika waliopigana miaka minne, wakazunguka mpaka Msumbiji na kurudi, hadi waliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia? Na wapagazi, waliobeba mizinga, mchele na masanduku ya risasi vichwani, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa? Jina la Kariakoo limetoka kwao, maana ndivyo vinywa vyetu vilivyotamka Carrier Corps. Mtaa ukapata jina, mabega yaliyoubeba hayakupata hata mafuta ya kuchua.

Wenzetu walivyofanya

Sasa tazama mambo ya ulimwengu. Miaka ile ile ambayo askari wetu walikuwa porini, Ulaya na Marekani kulikuwa kunazaliwa fani mpya. Mwaka 1916, London, mtaa wa Shepherd's Bush, daktari wa mifupa aliyeitwa Robert Jones alifungua karakana ndani ya hospitali ya wanajeshi. Majeruhi wakapewa randa, misumeno, mashine za kushona. Kumbe ile randa ilikuwa dawa. Ukivuta na kusukuma kutwa nzima, kiwiko kilichokakamaa kinalegea, nawe una meza ya kuonyesha. Mwaka 1917 huko Clifton Springs, New York, watu wachache wakaunda chama cha kwanza cha fani hiyo Marekani, na mwaka uliofuata wanawake wakaanza kupelekwa Ufaransa kuwahudumia majeruhi kwa njia hiyo.

Kwa Kiswahili fani hii inaitwa tiba kwa vitendo. Hutibu kwa yale mambo ambayo mtu anayafanya kila siku: kula, kuoga, kuvaa, kulima, kucheza. Mtaalamu wake hakuulizi tu, "Unaumwa wapi?" Anakuuliza, "Unataka uweze kufanya nini tena?" Kisha anaivunja kazi hiyo vipande vidogo vidogo, kama mtu anayemega mkate, anakulisha kipande kimoja kimoja.

Baada ya Vita vya Pili wenzetu walikwenda mbali zaidi. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, daktari Ludwig Guttmann aliwapanga watu 16 kwenye viti vya magurudumu katika uwanja wa hospitali ya Stoke Mandeville, wakashindana kwa pinde na mishale. Walikuwa wanajeshi waliovunjika uti wa mgongo. Kutokana na watu hao 16 ndipo ilipotoka michezo ya Olimpiki ya walemavu, ambayo ilianza Roma mwaka 1960.

Katika vita hivyo vya pili Tanganyika nayo ilitoa watu zaidi ya 80,000. Walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Lakini kiwanja cha Stoke Mandeville kilikuwa mbali sana na Ngamiani. Wengi walirudi na karatasi ya kuachishwa jeshi, wakashika jembe.

Ufagio wa Mwanza

Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu ya wale askari wa Mjerumani. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa wazee waliobaki mishahara yao iliyosahaulika tangu 1918. Ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Yasemekana wazee kama 350 walifika, lakini wenye vyeti walihesabika kwa vidole. Wengine walikuja na matambara ya sare. Mlipaji akakuna kichwa. Mwishowe akampa kila mzee ufagio, akatoa amri za kijeshi kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Inasimuliwa kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea.

Mara ya kwanza kukisikia kisa hiki nilicheka. Mara ya pili nikanyamaza. Miaka 46 ilikuwa imepita! Jeshi lilichukua bunduki likairudisha ghalani, lakini yale mafunzo yalibaki ndani ya mifupa. Na yule mlipaji alipopata ushahidi wake alihesabu fedha, mlango ukafungwa. Mwili ulitumika kama cheti tu. Hapakuwa na wa kumwuliza mzee kama anaweza kuchuchumaa, kama mkono unaoinua ufagio unaweza pia kuinua kikombe cha chai.

Beni: waliojitibu wenyewe

Lakini tusiwaonee huruma kupita kiasi, maana hawakukaa wakisubiri Ulaya. Kulikuwa na ngoma ya beni. Jina limetokana na bendi ya Kiingereza, na ngoma yenyewe ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka pwani yote. Baada ya vita vya 1914-1918 askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao waliisambaza mpaka bara. Kulikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Watu walipanga mistari, wakapiga mguu chini kwa matarumbeta na ngoma, wakavaa sare za kujishonea, wakapeana vyeo vya wazungu. Wakoloni wengine waliogopa, wakadhani ni jeshi la siri. Wengine walicheka, wakadhani ni watu weusi wanaowaiga.

Mimi nina maoni yangu, na mwenye kupinga aandike toleo lijalo. Beni haikuanzishwa kuwa tiba, wala si wote walioicheza waliotoka vitani. Lakini mtu aliyefundishwa gwaride kwa kiboko, sasa anapiga gwaride kwa hiari yake, mtaani kwake, mbele ya watu wake, na ngoma ikiisha anakwenda kula pilau. Mwenzake akiugua chama kinachangishana, akifa chama kinamzika. Hapo pana zoezi la viungo, pana mpangilio wa siku, pana cheo kwa mtu ambaye jeshi lilimfanya namba, na pana jirani. Nenda kamwulize mtaalamu wa leo anachokitafuta kwa mgonjwa wake, uone kama hatakutajia hayo hayo.

Jumamosi ya wazee

Sasa goti la babu. Tarehe 2 Novemba 1978, siku na mwezi ule ule wa meli za Tanga, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga Idi Amin. Babu mzaa mama alikuwa mgambo. Akaenda Kagera, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka nyumbani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, naye akarudi anachechemea. Miaka yote tuliamini ni risasi. Kumbe lori lilipinduka kwenye tope. Aliona aibu kutuambia. Mashujaa wanapigwa risasi, bwana, hawaangukiwi na lori! Wakati vita vile, kama vita vyote vya masafa marefu, viliumiza watu wengi kwa ajali na maradhi.

Aliyelitoa neno hilo kinywani mwake ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Yeye alisomea tiba kwa vitendo KCMC, Moshi, kule ambako reli iliwachukua askari wa 1914. Siku za Jumamosi anawafanyisha mazoezi wazee wachache waliopigana Kagera, chini ya mwarobaini. Mdogo wao anakaribia sabini.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Dada alikuja na mipira ya kuvuta na chupa zilizojazwa mchanga. "Shikamooni wazee." "Marahaba mwanangu." Basi, wakakaa. Mmoja akasema, "Sisi si watoto wa chekechea." Jumamosi ya nne walibaki watatu. Siku hiyo sajini mmoja mstaafu, mtu wa bakora, alichoka na ule uvivu, akasimama, akapaza sauti: "Kikosi! Mguu sawa!" Ndugu msomaji, wote walisimama. Hata babu, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akiinuliwa na watu wawili.

Nilifikiri dada atafurahi, atawapigisha gwaride mpaka jua lizame. Hakufanya hivyo. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akampa sajini uongozi, lakini kwa masharti. Ikisemwa "mbele tembea", kila mtu atembee na ndoo yenye maji nusu, kwa sababu nyumbani maji yanabebwa. Wapime wanainuka mara ngapi kutoka kitini kwa nusu dakika. Anayetweta hata kusema hawezi, apumzike. Na wafanye zoezi la kuchuchumaa wakiwa wameshika nguzo, maana vyoo vyetu wengi mnavijua.

Palikuwa na mzee mmoja ambaye amri zilimgeuka. Kila sajini akipaza sauti alitoka jasho, mikono ikatetemeka, macho yakaenda mbali. Dada alimtoa mstarini bila kumtia haya. Akampa wavu uliochanika aushone kivulini, pole pole, kwa kuwa zamani alikuwa mvuvi. Jioni aliniambia, "Gwaride si dawa ya kila mtu. Kwa wengine ndiyo maradhi yenyewe."

Babu alipoulizwa lile swali, anataka aweze nini tena, hakutaja gwaride wala kwenda mbio. Alisema, "Nataka nisujudu bila kushikwa." Alikuwa anaswali kwenye kiti kwa miaka mingi. Wakaanza na mto mnene chini ya goti, halafu mto mwembamba, halafu mkeka mtupu karibu na ukuta. Ilichukua miezi. Siku aliyoinuka mwenyewe hakutuita. Nilimwona tu mlangoni, kiti kimesogezwa pembeni, yeye yuko chini, paji la uso mkekani. Akakaa pale muda mrefu kuliko kawaida. Nikarudi nyuma taratibu nisimwingilie.

Sisi tunaojifunza kuandika tunapenda kuandika vita. Riwaya yangu ninayoihangaikia ilikuwa na vita kurasa arobaini. Nimezipunguza. Naomba na wewe, kijana mwenzangu, Jumamosi hii mtafute mzee mmoja mtaani kwako, umwamkie, ukae. Usimwulize aliua wangapi. Mwulize asubuhi anaamkaje kitandani, anaanza na mguu upi. Halafu uende ukaandike, maana wale 487 hatuna tena wa kumwuliza.