Mzimu

Anayebuni mchezo wa kuigiza wahusika, akamweka mungu-jua katili, asikimbilie kuandika "dini ya shetani". Neno tunalo: mzimu. Ni roho inayoogopwa, tena ni mahali inapotambikiwa. Mzimu mmoja, mizimu mingi.

Kwa mfano, Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe na Kibaha, jua lilipokausha mashamba walipeleka maombi mbali, kwa Kolelo, mzimu wa pangoni kwenye milima ya Uluguru. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, zilienea Uzaramo habari kwamba Kolelo amekataza kuwalipa kodi.

Basi mbunifu, mpe mungu wako pango, mlinzi wa pango, tambiko na mwiko. Ukatili wa jua ni ukame na njaa. Waumini wake wataaminika wakianzia hapo.