Mkuki wa Mwaka Gani? Nguo na Chuma cha Ufipa Tangu Kalambo Hadi Leo

Anayetaka kumvika mwigizaji vazi la Mfipa wa kale hana budi kujibu swali moja kabla hajashika mkasi: Mfipa wa mwaka gani? Mara nyingi swali hilo haliulizwi. Kikundi cha ngoma kikipanda jukwaani Sumbawanga, au wanafunzi wakiigiza habari za watawala wa zamani, tunaona kitambaa cha dukani chenye madoa ya chui, vifua wazi, manyoya kichwani, ngao ndefu ya ngozi ya ng'ombe na mkuki unaometameta kwa rangi ya fedha. Ngoma ya nsimba inachezwa kwa ustadi na watu wanashangilia, kama inavyostahili. Lakini mwilini mwa mchezaji mmoja zimerundikwa enzi tatu au nne ambazo hazikupata kukutana, na baadhi ya vitu hivyo vililetwa Ufipa na watu waliokuja kuipiga Ufipa. Makala haya yanazitenganisha enzi hizo, kila moja na nguo yake na silaha yake.

Kwanza nchi yenyewe. Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Juu ni kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mabondeni ni kama 800 tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mavazi. Pamba haipendi baridi ya uwandani. Hustawi bondeni Rukwa na kando ya Tanganyika. Chuma nacho kiliyeyushwa kwa wingi uwandani. Kwa hiyo nguo zilipanda mlima na majembe yakashuka. Na aliyewahi kulala Sumbawanga mwezi wa Juni au Julai, upepo ukipita kwenye nyasi usiku kucha, hatamwamini mtu anayemwambia kwamba wazee wa pale walikaa vifua wazi mwaka mzima.

Dalili za kale zaidi za wafua chuma katika pembe hii ziko kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako J. Desmond Clark alianza kuchimba mwaka 1953. Humo walikaa wakulima waliojua chuma tangu yapata karne ya 4 baada ya Kristo. Baadaye, kusini mwa Ziwa Rukwa, katika mabwawa ya Ivuna, watu walipika chumvi kati ya karne ya 13 na ya 15, wakati uleule ambao Ulaya huuita Zama za Kati. Kalambo na Ivuna zimetuachia vigae, mifupa na majivu. Nguo hazikubaki. Udongo wa nchi hizi, wenye mvua nyingi na mchwa wasiochoka, haumhifadhii mtu shuka wala ngozi.

Wenzetu wa Ulaya wanaopenda kuigiza vita vya Zama za Kati wamebahatika zaidi. Mwezi Julai mwaka 1361, mbele ya mji wa Visby katika kisiwa cha Gotland, jeshi la mfalme wa Denmark liliwaua wakulima wengi, na kwa sababu ya joto maiti wengi walizikwa upesi na deraya zao. Makaburi hayo yalipofukuliwa katika karne ya 20, wataalamu waliweza kuhesabu vipande vya chuma katika fulana ya askari mmoja mmoja. Huko Herjolfsnes, Greenland, baridi ya ardhi ilihifadhi magauni ambayo Poul Nørlund aliyafukua mwaka 1921, mishono ikiwa bado inaonekana. Fundi wa leo hukaa mbele ya mishono hiyo na kuiga.

Katika upande wetu wa dunia kaburi la kufanana na hayo liko mbali kidogo, Ingombe Ilede katika bonde la Zambezi. Yaligunduliwa huko mwaka 1960 mazishi ya wakubwa waliozikwa na dhahabu, misalaba ya shaba na makombe ya baharini, kati ya karne ya 15 na ya 17. Waliovaa bangili za shaba walikutwa na vipande vya nguo ya pamba vikiwa vimeng'ang'ania mikononi, kwa maana kutu ya shaba huwaua wadudu wanaokula uzi. Pwani, magofu ya Kilwa yametoa vipande vingi vya vigae vilivyotobolewa katikati, vizito vya kusokotea uzi, vya kabla ya Wareno kufika. Mafundi wa Rukwa nao walifuma kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa chini, aina ileile iliyotumika Malawi hadi Zambezi. Ufundi huo unaiunganisha Rukwa na ulimwengu wa kusini, na ndiyo njia pekee iliyopo ya kukisia nguo ya enzi hizo. Mimi naona ni halali kukisia, ilimradi mtazamaji aambiwe kwamba anaonyeshwa makisio.

Kisha inakuja enzi ya Milansi. Masimulizi ya Wafipa yanautaja Milansi kuwa utawala wa kwanza wa nchi, wa ukoo wa wahunzi. Baadaye wakaja wanawake wa ukoo wa Twa kutoka nje. Mwenye nchi alikuwa safarini, na aliporudi alikuta kiti kimekaliwa. Akabaki na mamlaka ya matambiko, Watwa wakachukua utawala, nao baadaye wakagawanyika kuwa dola mbili, Nkansi kaskazini na Lyangalile kusini. Msomaji wa habari za mavazi asiipite hadithi hii haraka. Inasema kwamba heshima ya kwanza Ufipa ilikuwa ya mtu wa nyundo na koleo. Chombo cha utukufu kilikuwa kazi ya tanuri, na mwigizaji anayemvisha mtawala wa Milansi taji la sinema amekosa mahali pa kuanzia.

Tanuri yenyewe ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote tulionao. Wafipa huiita ilungu, nyingi malungu. Ni mnara wa udongo wa kichuguu, wenye kimo kama cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwingine, mpana chini na mwembamba juu. Kitakoni pana matundu pande zote, na katika kila tundu huingizwa mirija ya udongo. Ilungu halikuhitaji mivukuto: moto ulipokolea, hewa ilivutwa yenyewe kutoka chini kwenda juu, siku kadhaa mfululizo. Kabla ya kuwasha, tanuri ilipambwa kama bibi harusi na dawa zikawekwa chini yake. Wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Kilichotoka kilikuwa donge chafu la chuma, lililosafishwa tena katika tanuri ndogo, kintengwe, ambayo hiyo ilivukutwa. Ndipo mhunzi alipolipata la kuweka juu ya fuawe.

Chuma cha namna hiyo kina sura yake. Ukikata mkuki wa kale na kuusugua mpaka ung'ae, utaona nyuzinyuzi nyeusi zimelala kwa urefu: ni mabaki ya mavi ya chuma yaliyonyooshwa na nyundo. Ubapa haukuwa sawasawa; alama za nyundo zilibaki. Mkuki uliofuliwa leo kwa springi ya lori hauna nyuzi hizo hata kidogo, kwani chuma chake ni kimoja tangu ukingo hadi ukingo. Atakayeshika vyote viwili mkononi hahitaji maelezo marefu.

Na nguo? Bondeni Rukwa na ukingoni mwa Tanganyika watu walipanda pamba, wakasokota, wakafuma shuka nene ambayo katika nchi hizi hujulikana kama seketa. Mwishoni mwa mwaka 1872 David Livingstone alipita kando ya ziwa, mipakani mwa Ufipa, akaandika juu ya pamba na nguo za watu hao. Joseph Thomson aliyepita mwaka 1880 naye alizishuhudia. Ilikuwa nguo ya kujifunika mwili, nzito, ya kufaa baridi. Kando yake zilikuwapo ngozi na magome ya miti. Nashikilia hapa: mwigizaji wa Mfipa wa mwaka 1830 avae pamba nene iliyosokotwa kwa mkono, yenye uzi usiolingana, naye atakuwa karibu na ukweli kuliko jukwaa lolote nililoliona.

Miaka ya 1840 ikaivuruga hesabu. Wangoni wa Zwangendaba, waliovuka Zambezi tarehe 20 Novemba 1835 jua likiwa limepatwa, walipanda kaskazini mpaka Ufipa, na humo, mahali paitwapo Mapupo, kiongozi wao akafa mnamo 1848. Walikuja na mkuki mfupi wa kuchomea karibu, ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe na manyoya ya vitani. Baada ya kifo chake jeshi lilipasuka: Watuta wakaenda kaskazini, wengine wakarudi kusini, na kundi lingine likafika hatimaye nchi ya Songea. Kila tarehe 27 Februari, Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, na huko ngao na ngozi ziko mahali pake. Zikionekana Sumbawanga zikiitwa asili ya Ufipa, tumevishwa vazi la aliyetuvamia.

Nyuma ya Wangoni ikaja misafara kutoka pwani. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar alikuwa ametia saini mkataba wa biashara na Marekani, na shuka ngumu ya viwandani kutoka New England, merikani, ikawa fedha ya barabara zote za bara. Pamoja nayo ilikuja kaniki ya Kihindi, nyeusi kwa nili. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipunguza merikani, na nguo za Uingereza na Bombay zikajaza pengo. Bunduki aina ya gobori zikaingia kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1867, magharibi kidogo ya Ufipa, mfanyabiashara Tippu Tip alimshinda Nsama wa Watabwa, mtawala aliyeogopwa kwa wapiga mishale wake. Habari hiyo ilienea, na kila mtawala wa jirani akajua thamani ya baruti. Kwa hiyo mwigizaji wa mwaka 1880 anaweza kuvaa merikani na seketa pamoja, akashika gobori na mkuki. Mchanganyiko huo una tarehe.

Katika Lyangalile baruti ilizaa watu kama Kimalaunga, mbabe wa vita kutoka nje aliyejitwalia sehemu ya nchi hadi mwaka 1893, msafara wa Mjerumani Hermann von Wissmann ulipomwondoa. Miaka mitatu kabla, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umeweka vizuizi juu ya silaha kuingizwa Afrika. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki waliopokea ngome ya Karema kando ya ziwa mwaka 1885, walipanda uwandani na misheni zao, kanzu na kamera zao. Picha zao ni hazina, ila zahitaji tahadhari: mtu aliambiwa asimame hapa, ashike mkuki, avue shuka la dukani. Kamera ya wakati ule ilimpiga picha Mwafrika ambaye mwenye kamera alitaka kumwona. Maandishi ya Askofu Adolphe Lechaptois ya mwaka 1913 yana thamani kwa sababu yanaeleza pia shughuli za kila siku, ambazo hakuna aliyezipanga kwa ajili ya lenzi.

Waingereza waliingia Bismarckburg, yaani Kasanga, mwezi Juni 1916. Chini ya utawala wao jembe la kiwandani lilishuka bei, kodi ikadai fedha taslimu, na tanuri moja baada ya nyingine ikazimika. Ufumaji nao ukafifia kwa sababu hiyohiyo. R. C. H. Greig alipochapisha maelezo yake ya uyeyushaji wa Ufipa mwaka 1937, kazi ilikuwa inaelekea kuwa kumbukumbu ya wazee.

Uhuru ulileta nia njema na tatizo jipya. Mwaka 1962 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliunda wizara ya kusimamia utamaduni, na miaka hiyo ngoma za makabila zikapandishwa jukwaa la taifa. Jukwaa linapenda sare. Linataka watu ishirini wavae namna moja, wavue na kuvaa haraka kati ya ngoma na ngoma, waonekane kutoka viti vya nyuma. Kitambaa chepesi cha madoa ya chui kilitimiza yote matatu, na vikundi vya mikoa vikafuata. Rukwa ilipokuwa mkoa mwaka 1974, mtindo ulikuwa umeshakomaa.

Utafiti ulikwenda njia nyingine. Roy Willis aliishi na Wafipa miaka ya 1960 akakusanya masimulizi ya Milansi na Watwa. J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya wafua chuma wao mwaka 1969. Kagera, miaka ya 1970, Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri na kuyeyusha mbele ya macho yake, na miaka ya 1990 Randi Barndon alifuatilia ufundi huo miongoni mwa Wapangwa na Wafipa. Bertram Mapunda, Mtanzania, alizunguka Nkansi akichunguza magofu ya tanuri, akaonyesha kwamba kando ya malungu yalikuwapo matanuri mafupi yaitwayo katukutu, yenye utaratibu wake. Hata neno "tanuri la Kifipa" basi lataka tarehe na mahali. Wazee waliopanga mawe, wakachanganya udongo na kukumbuka wimbo gani huimbwa saa gani, hao ndio waigizaji wa kwanza wa historia yetu waliofanya kazi kwa uaminifu.

Malungu kadhaa yangali yamesimama porini Nkasi na Sumbawanga Vijijini, yamepasuka ubavuni, nyasi zimeota juu, na miguuni pake mavi ya chuma yamelala meusi na mazito kama yalivyomwagwa. Mjini, wahunzi wanaendelea kufua visu na majembe kwa springi za malori. Fundi cherehani wa sokoni naye ana marobota mawili pembeni: la madoa ya chui, na la merikani nyeupe ngumu, ambayo bado tunaiita kwa jina la nchi ilikotoka mwaka 1833. Mteja akiagiza vazi la Kifipa la igizo la shule, mkono wa fundi huenda kwenye robota la kwanza bila kuuliza. Lile la pili liko karibu zaidi na mwaka 1880, nalo ni rahisi kulipata.