Habari za Surua na Chanjo Yake

Katika sehemu nyingi za Afrika wazee walisema: usihesabu watoto wako mpaka surua imepita. Hawakufanya mzaha. Walikuwa wameona nyumba yenye watoto watano ikibaki na wawili.

Tena walijua neno moja la kweli: aliyepona surua haiuguzi mara ya pili. Neno hilo lilipata ushuhuda mkubwa mwaka wa 1846 katika visiwa vya Faroe, kaskazini ya Ulaya. Kati ya wenyeji karibu 7,800, watu 6,000 hivi waliugua, hata watu wazima. Mganga kijana, Peter Panum, alitumwa kutoka Denmark, akapita kijiji kwa kijiji akiuliza. Akaona ajabu: wazee waliougua surua mwaka wa 1781, yaani miaka 65 nyuma, hakuguswa hata mmoja. Mwili ulikuwa umetunza ukumbusho wa vita ile.

Je, mtu hawezi kupata ukumbusho huo pasipo kuugua? Jibu lilikawia zaidi ya miaka mia. Mwaka wa 1954, mjini Boston, Marekani, John Enders na Thomas Peebles walipata virusi vya surua katika damu ya mwanafunzi mgonjwa. Wao na wenzao wakavikuza na kuvidhoofisha kidogo kidogo hata vikapoteza ukali. Mwaka wa 1963 chanjo ikakubaliwa huko.

Gambia iliwachanja watoto wake kuanzia 1967, na surua ikakatika katika inchi nzima. Halafu bidii ikalegea, surua ikarudi. Tusishangae. Kitabu cha ubatizo cha parokia hupata majina mapya kila mwezi, na kila jina ni mtoto ambaye hajachanjwa bado.

Kwetu Kongo, mwaka wa 2019, midomo yote ilisema Ebola. Ebola ile ya mashariki, tangu 2018 hata 2020, iliua watu karibu 2,300. Lakini surua ilienea katika majimbo yote 26: tangu mwanzo wa 2019 hata Januari 2020 walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 310,000 waliodhaniwa kuwa nayo, na wafu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wasiotimiza miaka mitano. Twaona kwamba jina geni la kutisha lilifunika lile tulilolizoea.

Akina mama huuliza: mbona tungoje miezi tisa? Mama humpa mtoto kinga yake angali tumboni, na chanjo ikija mapema, kinga hiyo huizuia isifanye kazi. Kwa miezi tisa imepungua sana. Hata hivyo, katika watoto 100 waliochomwa sindano wakati huo, kama 15 hawashiki kinga. Ndiyo sababu huitwa mara ya pili. Si kwamba mganga amepoteza karatasi.