Amana ya Maabara

Elimu ya sayansi husifiwa kwamba haimwamini mtu bali ushahidi. Sifa hii ni njema, lakini haikukamilika. Mchunguzi mmoja hawezi kuyarudia kwa mkono wake majaribio yote ya wenzake. Maisha ni mafupi na gharama ni kubwa. Husoma walichoandika, akakipokea, akajenga juu yake. Kwa hiyo jengo lote la elimu hii limesimama juu ya amana: kwamba aliyeandika kuwa alipima, alipima kweli, na aliyesema kuwa aliona, aliona kweli. Amana hiyo ikivunjwa, anayedhurika si msomaji peke yake. Mgonjwa hupewa dawa isiyofaa, fedha ya umma hupotea, na mwanafunzi hupoteza miaka ya ujana wake akifuata njia isiyofika popote.

Kwa muda mrefu vyuo vikuu havikuwa na somo la amana hii. Ilidhaniwa kwamba mwanafunzi wa shahada ya juu huupata uaminifu kama mwanagenzi aupatavyo ufundi: kwa kukaa karibu na fundi, kuutazama mkono wake na kufuata nyendo zake. Dhana hiyo ilikuwa na hekima ndani yake, ila ilisahau jambo moja. Mwanagenzi hafuati mazuri ya fundi peke yake. Hufuata na mabaya yake pia. Jinsi Marekani ilivyotoka katika dhana hiyo ikaingia katika sheria ni habari ya miaka karibu hamsini, na mwisho wake haukuwa ule uliotazamiwa na walioianza.

Mwanzo wa habari hiyo ni panya. Katika mwaka 1974, tabibu William Summerlin wa Taasisi ya Sloan-Kettering mjini New York alikuwa akidai kwamba ngozi iliyowekwa kwanza katika maji maalumu ya kukuzia chembe hai huweza kupandikizwa kutoka kiumbe kimoja hadi kingine bila ya kukataliwa na mwili. Kama dai hilo lingalikuwa kweli, watu walioungua kwa moto na wenye viungo vibovu wangalipata faraja kubwa. Lakini wengine walijaribu kufanya kama alivyofanya wasifaulu. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, akiwa njiani kumpelekea mkurugenzi wake panya weupe waliopandikizwa ngozi, alitoa kalamu ya wino mweusi akayakoleza mabaka migongoni mwao. Mkurugenzi hakuona kitu. Aliyeona ni mtumishi wa maabara aliyekuwa akiwarudisha panya mahali pao: alilipangusa baka kwa spiriti, nalo likatoka. Aliyekuwa mdogo kwa cheo alitambua lililompita mkubwa. Kamati iliyolichunguza jambo hilo ilimtia Summerlin hatiani, na pia ilisema kwamba mkurugenzi alikuwa na sehemu yake ya lawama, kwa kuacha habari itangazwe kabla haijathibitishwa.

Lawama hiyo ya pili haikukaa katika kumbukumbu za watu. Kilichokumbukwa ni kalamu na panya, na wengi waliridhika kusema kwamba hilo lilikuwa kosa la mtu mmoja aliyechoka akili. Mwaka 1981, tarehe 31 Machi na 1 Aprili, kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi, ikiongozwa na Albert Gore wa jimbo la Tennessee, ilisikiliza ushahidi juu ya udanganyifu katika uchunguzi wa tiba. Philip Handler, aliyekuwa rais wa Akademia ya Taifa ya Sayansi, aliwaeleza wabunge kwamba jambo hilo limekuzwa kupita kiasi, na kwamba sayansi ina njia zake za kujisahihisha.

Haikutimia hata miezi miwili, ufa ukaonekana katika ukuta uliodhaniwa kuwa imara kuliko kuta zote. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, ndani ya maabara ya bingwa wa maradhi ya moyo Eugene Braunwald, alikuwamo tabibu kijana jina lake John Darsee, aliyesifiwa kwa bidii na kwa wingi wa maandishi. Mwezi wa Mei wenzake walimwona akiviandika vipimo vya moyo vilivyochukuliwa kwa saa chache kana kwamba vilichukuliwa kwa siku nyingi. Alipokabiliwa alikiri kosa hilo moja, akakana mengine. Wakubwa wake waliamini, wakamwacha aendelee kufanya kazi katika maabara kwa miezi kadhaa, wala hawakuijulisha serikali iliyotoa fedha. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta uliojengwa hapo ulikuwa mrefu: maandishi mengi ya kijana huyo yalibatilishwa, si ya Harvard tu bali na ya Chuo Kikuu cha Emory alikokuwa kabla, na mwaka 1983 alizuiwa kupata fedha za Taasisi za Taifa za Afya kwa muda wa miaka 10.

Kosa la Darsee lilikuwa lake. Lakini maandishi yake yalitiwa majina ya watu wengi, nao walikuwa wapi? Swali hilo liliwasumbua wachunguzi wawili wa serikali, Walter Stewart na Ned Feder. Walisoma maandishi 109 yaliyotiwa saini na watu 47 walioshirikiana naye, wakahesabu makosa ambayo msomaji mwangalifu angaliweza kuyaona bila ya kuingia maabara. Katika mojawapo, lililohusu maradhi ya moyo yanayorithiwa katika ukoo, mlikuwa na kijana wa miaka 17 aliyetajwa kuwa baba wa watoto wanne, na mkubwa wao alikuwa na miaka 8. Washiriki waliweka majina yao chini ya ajabu hiyo, wahariri wakaipitisha, wasomaji wakaisoma. Makala ya Stewart na Feder ilicheleweshwa kwa miaka kwa hofu ya mashtaka, hata ikatoka katika gazeti la Nature mwanzoni mwa mwaka 1987. Ilidhihirisha kwamba tatizo halikuwa la mwongo peke yake. Lilikuwa pia la waaminifu wasiotazama.

Serikali ilikuwa imekwisha kuchukua hatua. Sheria ya mwaka 1985 ilivitaka vyuo vilivyopokea fedha za uchunguzi wa afya viwe na utaratibu wa kushughulikia mashtaka ya udanganyifu. Mwaka 1989 Taasisi za Taifa za Afya zilitangaza kwamba kila chuo kiombacho fedha za kuwafunza wachunguzi wachanga kieleze jinsi kitakavyowafundisha mwenendo mwema wa uchunguzi, na amri hiyo ilianza kutumika mwaka 1990. Katika mwaka huo wa 1989 Akademia ya Taifa ya Sayansi ilitoa kijitabu cha kuwaongoza wanafunzi, On Being a Scientist. Jambo lililoachwa zamani kwa tabia sasa liliingia darasani. Mwanafunzi alifundishwa jinsi ya kutunza kumbukumbu za vipimo, nani astahiliye kuitwa mwandishi, maslahi ya nafsi yanavyoweza kupinda hukumu, na namna ya kuwatendea wanyama na watu wanaochunguzwa. Juu ya hilo la mwisho mifano haikukosekana, kwani Wamarekani walikuwa hawajasahau Tuskegee, ambako tangu mwaka 1932 hadi 1972 mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa bila ya kutibiwa, hata baada ya dawa kupatikana.

Hapana shaka kwamba masomo hayo yalikuwa na faida. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuvunja mpaka ambao hakuonyeshwa. Lakini katika mpango wote mlikuwa na fikira iliyojificha: kwamba hatari hutoka chini, kwa vijana, na kwamba wakubwa ni walinzi. Samaki mkunje angali mbichi, husema wahenga, na vyuo vilimkunja mwanafunzi. Aliyemshika samaki hakutazamwa.

Fikira hiyo ilijaribiwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2005, wanafunzi sita wa shahada ya juu katika maabara ya Elizabeth Goodwin, mwalimu wa elimu ya urithi wa viumbe, walitambua kwamba maombi yake ya fedha yalikuwa na picha na matokeo yasiyopatana na yale waliyoyajua. Alipoulizwa, majibu yake hayakuwatuliza. Hapo wanafunzi walisimama penye njia panda. Wakinyamaza, wangekuwa washiriki katika uongo. Wakisema, maabara ingefungwa, na kazi yao ya miaka ingezama pamoja nayo. Walimpenda mwalimu wao, na mustakabali wao ulikuwa mkononi mwake. Walishauriana, kisha wakasema.

Mwalimu alijiuzulu mwaka 2006, na mwaka 2010 alikiri kosa mbele ya mahakama. Haki ilitendeka kwa upande wake. Kwa upande wa wanafunzi hesabu ilikuwa nyingine: watatu katika hao sita waliacha masomo ya udaktari waliyoyatumikia kwa miaka, na wengine walilazimika kuanza upya. Chuo hakikuwaadhibu, bali kilifuata taratibu zake zote. Lakini taratibu zilitungwa kwa ajili ya kumpata mkosaji, si kwa ajili ya kumhifadhi mwaminifu. Somo lolote la darasani lingewaambia watende kama walivyotenda, na hakuna somo lililoweza kuwarudishia miaka yao.

Mwaka 2007 Melissa Anderson na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wachunguzi waliokuwa wakipata fedha za Taasisi za Taifa za Afya. Walitaka kujua kama mafundisho ya darasani na malezi ya mwalimu yalipunguza mienendo mibaya. Faida ya darasa haikuonekana wazi. Malezi yalionekana kuwa na nguvu, lakini nguvu hiyo ilikata pande mbili. Aliyelelewa na mkubwa aliyezungumza naye juu ya wema na ubaya wa kazi alielekea zaidi kwenye unyofu. Aliyelelewa kwa mbinu za kutafuta fedha na kuokoa cheo alielekea zaidi kwenye makosa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hata hivyo sheria iliendelea kumshika mwanafunzi. Sheria ya mwaka 2007 iliuagiza Wakfu wa Taifa wa Sayansi udai mafundisho hayo kwa wanafunzi wote na wachunguzi wachanga waliolipwa kwa fedha zake, nayo ikaanza kutekelezwa Januari 2010. Mwishoni mwa mwaka 2009 Taasisi za Taifa za Afya nazo zilikaza masharti yao: mafundisho yasipungue saa 8 za kukutana na walimu, yarudiwe katika kila daraja la kazi na angalau mara moja katika miaka 4, wala yasifanywe kwa mashine peke yake. Sharti hilo lilikuwa na busara, maana liliwataka wakubwa waingie darasani na wazungumze na vijana uso kwa uso. Lakini aliyehesabiwa kuwa mwenye kufunzwa alikuwa bado ni kijana.

Ilipofika mwaka 2022, sheria mpya ya Marekani juu ya viwanda vya chipu na sayansi ilirekebisha sharti la Wakfu wa Taifa wa Sayansi. Katika orodha ya wanaopaswa kufunzwa waliongezwa walimu wa vyuo na wakubwa wengine wa uchunguzi, na katika mambo ya kufunzwa likaongezwa lile la kulea wanafunzi. Sharti hilo lilianza kutumika katika maombi ya fedha yaliyopelekwa tangu tarehe 31 Julai 2023. Toka amri ya mwaka 1989 hadi sheria hiyo ilipita miaka 33. Muda wote huo ulihitajika ili sheria ipande kutoka kiti cha mwanafunzi hadi kiti cha mwalimu.

Yamkini watu watasema kwamba saa chache za mafundisho hazimbadilishi mkubwa aliyekwisha kukomaa. Yawezekana. Lakini kumwita mwalimu darasani kuna maana hata kabla hajafundishwa neno: ni kukiri kwamba naye yumo katika hesabu. Kamati ya mwaka 1974 ililisema hilo ilipomtaja mkurugenzi pamoja na mwenye kalamu, na kama lingalisikilizwa wakati ule, wanafunzi wa Madison wangalikuta chuo kilichojiandaa kuwapokea siku waliyokuja kusema kweli. Mtumishi aliyelipangusa baka hakuwa na cheo kikubwa. Alitazama alichopewa, akakijaribu, akasema alichokiona. Kazi ya chuo ni kuhakikisha kwamba kijana afanyaye hivyo haondoki mikono mitupu.